Kusoma na kuhakiki hadithi za Australia: maswali ambayo waandishi chipukizi huuliza

Naandika tahakiki za riwaya na hadithi fupi za Australia kwa Kiswahili, na wengi wanaoniandikia ni vijana wanaotaka kuwa waandishi. Maswali yao yanafanana, kwa hiyo nimeyajibu hapa kwa pamoja.

Kwa nini Australia? Vitabu vya kwetu tumevimaliza?

Hatujavimaliza, na sisemi uviache. Ila anayejifunza kuandika anahitaji pia fasihi ya mbali na alikozaliwa, ambako mazoea hayawezi kumsaidia kujaza mapengo. Ukikutana na neno "daladala" katika riwaya ya Dar es Salaam, jasho, kelele na konda vinakuja vyenyewe. Mwandishi hajafanya kazi hiyo, umeifanya wewe. Lakini ukisoma kuhusu kimji cha wafugaji huko Queensland, kila unachokiona umeonyeshwa na mwandishi. Hapo unaweza kumkamata akiwa kazini na kuona neno lipi lilileta vumbi na lipi lilileta njaa.

Sababu ya pili ni historia. Kwa muda mrefu waandishi wa Australia waliandika huku jicho moja likiwa London. Miles Franklin, binti wa mashambani wa New South Wales, alitoa riwaya yake ya kwanza, My Brilliant Career, mwaka 1901, na mchapishaji alikuwa wa Edinburgh. Mwaka 1950 mhakiki A. A. Phillips aliandika katika jarida la Meanjin insha kuhusu aibu waliyokuwa nayo wenzake, ile tabia ya kusoma kazi ya nyumbani huku ukijiuliza Mwingereza mwenye elimu angeionaje. Sisi hatuhitaji kuelezwa aibu hiyo ni nini. Kufuatilia jinsi walivyoivua, kitabu baada ya kitabu, ni somo kubwa kwa anayeandika Nairobi, Bujumbura au Zanzibar.

Nianze na kitabu gani?

Usianze na kitabu. Anza na hadithi fupi moja, uisome mpaka uijue. Ninayoipendekeza siku zote ni "The Drover's Wife" ya Henry Lawson, iliyotoka mwaka 1892 katika The Bulletin, jarida la Sydney. Ni kurasa chache tu. Mwanamke yuko peke yake porini na watoto wanne kwenye nyumba ya vyumba viwili. Mumewe anaswaga kondoo mbali, na kwa miezi sita mama hajapata habari zake. Dalili ya watu iliyo karibu zaidi iko umbali wa maili 19. Jioni nyoka anaingia chini ya sakafu ya mbao. Mama anawahamishia watoto jikoni, kwenye sakafu ya udongo, anawalaza juu ya meza, kisha anakaa usiku kucha na rungu mkononi na mbwa wao, Alligator, pembeni.

Tukio lenyewe ni hilo tu: mwanamke anamsubiri nyoka. Lawson anayatumia masaa ya kungoja kutuletea maisha yake yote, yaani moto wa nyika alioupiga akiwa amevaa suruali kuukuu ya mumewe, mafuriko, na mtoto aliyefariki mume akiwa hayupo. Kila kumbukumbu ni fupi, kisha tunarudi kwa nyoka. Ukitaka kujua namna ya kuingiza historia ya mhusika bila hadithi kusimama, hapa ndipo pa kujifunzia.

Sasa tazama mahali pamoja kwa karibu. Usiku anatoka kuchukua kuni. Jana yake alimlipa mwanamume mmoja wa watu wa asili wa Australia amkatie kuni na kuzipanga, na kazi ilimpendeza mpaka akamwongezea tumbaku. Anavuta gogo moja, lundo zima linaporomoka. Katikati lilikuwa tupu. Mwanamke huyu, aliyeshinda moto na mafuriko, anaangua kilio. Anachukua leso ajifute, na vidole vinamgusa machoni, kwa sababu leso imejaa matundu na kidole gumba kimepitia tundu moja, cha shahada lingine. Anacheka. Lawson hakuandika kwamba mama huyu ni maskini, amechoka na bado hajakata tamaa. Aliandika leso. Tahakiki yako ikiweza kumwonyesha msomaji leso hiyo na kazi inayofanya, umeshaanza kuhakiki.

Halafu rudi umwangalie yule aliyepanga kuni. Hana jina. Msimulizi anamwita mfalme, wa mwisho wa kabila lake, kisha anamalizia kwa ule udanganyifu wake. Amewekwa pale ili amwangushe mwanamke mzungu kisha atoweke. Mkunga aliyemzalisha mama huyo, mwanamke mweusi anayeitwa Mary, naye anapita kwa mistari michache. Hadithi hiyo hiyo ni kazi stadi, na pia inafumba jicho kwa wenye ardhi. Mhakiki mzuri anayasema yote mawili, bila kuficha moja kwa ajili ya jingine.

Ukimaliza hapo, msome Leah Purcell, mwandishi na mwigizaji wa asili ya watu wa kwanza wa Australia. Mwaka 2016 aliigeuza hadithi hii kuwa tamthilia, mwaka 2019 akatoa riwaya, na mwaka 2021 filamu. Humo mwanamke ana jina, Molly Johnson, na mwanamume mweusi, Yadaka, ana maisha yake na maneno yake. Wasome Lawson na Purcell wiki moja, uandike tahakiki moja ya kazi zote mbili. Sijui zoezi linalozidi hilo kwa mwanzo.

Lazima nijue historia yao?

Kidogo, na hiki kidogo hakikwepeki. Waingereza walianzisha koloni la wafungwa mahali palipo Sydney mwezi Januari 1788. Walikuta watu walioishi huko kwa makumi ya maelfu ya miaka, wenye lugha zaidi ya 250, lakini sheria ya kikoloni ilichukulia ardhi hiyo kana kwamba haina mwenyewe. Dhana hiyo ilianguka mahakamani mwaka 1992, katika kesi ya Eddie Mabo, mtu wa visiwa vya Torres Strait. Na katika sehemu kubwa ya karne ya 20, watoto wa watu wa asili walichukuliwa na serikali kutoka kwa wazazi wao. Ukiyajua haya, utaelewa kwa nini katika riwaya nyingi za huko ardhi inatajwa kwa uzito mkubwa, na kwa nini wahusika wengi wanatafuta mama, jina au kaburi.

Vitabu navipata wapi na sina fedha?

Vya zamani ni bure. Kazi za Lawson, za Barbara Baynton, mwandishi wa zama hizo hizo, na riwaya ya kwanza ya Franklin zinasomeka Project Gutenberg. Trove, hazina ya kidijitali inayoendeshwa na Maktaba ya Taifa ya Australia, ina magazeti ya zamani yaliyopigwa picha na kuwekwa mtandaoni, na unaweza kusoma yaliyoandikwa kuhusu kitabu mwaka kilipotoka. Fanya hivyo walau mara moja. Utawakuta wahakiki waliokuwa na hakika kubwa wakakosea, na utajifunza kushusha sauti. Kwa tahakiki za leo, Sydney Review of Books inasomeka kwenye intaneti.

Riwaya mpya itabidi ununue, na nakala ya kielektroniki huwa nafuu kuliko kuagiza karatasi kutoka ng'ambo. Tafadhali usisambaze nakala za wizi. Wewe mwenyewe unataka siku moja kuishi kwa kalamu.

Kiingereza chao kinanishinda. Nifanyeje?

Inategemea kinakushinda wapi. Kama ni misamiati ya wanyama, miti na zana za ufugaji, kamusi inatosha. Usisimame kila mstari, piga alama uendelee. Kama ni mazungumzo, soma kwa sauti. Tim Winton, katika Cloudstreet ya mwaka 1991, haweki alama za kunukuu kabisa. Familia mbili zinaishi nyumba moja kubwa iliyochakaa mjini Perth, na maneno ya watu yanachanganyika na usimulizi. Ukisoma kimya unapotea. Ukisoma kwa sauti, kila mtu anajitambulisha kwa namna anavyosema.

Ugumu wa tatu ni wa makusudi, na huo usiukimbie. Alexis Wright ni wa taifa la Waanyi, kusini mwa Ghuba ya Carpentaria. Riwaya yake Carpentaria inaanza na nyoka mkubwa wa asili aliyechonga mito na pwani, ndipo inamfikia mzee Normal Phantom na mji wa Desperance, wenye mgodi na ugomvi. Hainyooki. Inakwenda kama mzee anavyosimulia, mwenye muda wote, anayejua kwamba kisa cha babu na kisa cha jana ni kisa kimoja. Wachapishaji wakubwa waliikataa. Giramondo, kampuni ndogo ya uchapishaji, waliitoa mwaka 2006, na mwaka uliofuata ikashinda Miles Franklin, tuzo kubwa ya riwaya ya Australia. Msomaji aliyekulia kwenye hadithi za bibi ana ufunguo wa kitabu hiki ambao maprofesa wengi hawana. Andika hilo kwenye tahakiki yako, bila woga.

Tahakiki ina tofauti gani na uhakiki tuliofundishwa shuleni?

Swali hili ndilo ninalolijibu mara nyingi zaidi. Shuleni tulifundishwa fani na maudhui. Dhamira tano, migogoro minne, ujumbe, falsafa, msimamo, wahusika mmoja mmoja na tabia zao, kisha kufaulu na kutofaulu kwa mwandishi. Mfumo huo umetupa macho, na ninaushukuru. Ila ulitengenezwa kwa ajili ya mtihani, kwa mtu ambaye mwalimu wake amekwisha kusoma kitabu. Tahakiki inaandikiwa mtu ambaye hajakisoma na hana sababu ya kukisoma mpaka umpe. Ukimwandikia mwongozo wa mtihani, atakuacha kwenye aya ya pili.

Kwa hiyo usiorodheshe. Chagua jambo moja ambalo kitabu kinalifanya kuliko vitabu vingine, ulifuate mpaka mwisho, na yaliyobaki yaje yakihitajika. Mfano ni The Yield ya Tara June Winch, wa taifa la Wiradjuri, iliyoshinda Miles Franklin mwaka 2020. Mjukuu anarudi nyumbani kuzika babu yake, na sehemu kubwa ya riwaya ni kamusi ambayo mzee huyo alikuwa akiiandika kabla hajafa. Unaweza kutaja dhamira kumi. Lakini swali la mwandishi ni moja: kamusi inawezaje kubeba hadithi? Fungua maingizo machache, uone jinsi kila maelezo ya neno yanavyoteleza na kuwa kisa cha maisha ya mzee. Ukilijibu hilo vizuri kwa maneno 800, dhamira zitakuwa zimejitokeza zenyewe.

Kitabu unachotaka kukihakiki unakisomaje?

Mara mbili. Ya kwanza kama msomaji, bila kalamu. Nikifunga kitabu naandika papo hapo ninachokumbuka bila kufungua ukurasa. Kilichobaki kichwani ndicho kilichofanya kazi. Ya pili nasoma na kalamu, na naangalia zaidi maungio: sura inaanza wapi, msimulizi anajua nini na anaficha nini, muda unarukwa wapi. Katika Benang, riwaya ya Kim Scott wa watu wa Noongar, ukisoma mara ya pili unaona jinsi maneno ya nyaraka halisi za A. O. Neville, afisa wa serikali aliyewasimamia watu wa asili Australia Magharibi, yanavyowekwa kando ya sauti ya mjukuu anayeelea hewani. Mara ya kwanza nilisikia hasira tu. Mara ya pili niliona ufundi ulioibeba.

Nieleze mwisho wa hadithi?

Hapana, isipokuwa kazi ni ya zamani na hoja yako inasimama hapo hasa. Ukilazimika, mwonye msomaji mapema.

Kitabu kikiwa kibaya niseme?

Sema, na uonyeshe. "Kinachosha" ni hisia yako. "Sura tatu mfululizo zinafunguka kwa ndoto na hakuna hata moja inayobadilisha uamuzi wa mhusika" ni uhakiki, kwa sababu msomaji anaweza kwenda kuhakikisha. Pima kazi kwa kile ilichokusudia kuwa. Helen Garner alipotoa Monkey Grip mwaka 1977, riwaya ya mapenzi na heroini katika nyumba za pamoja za Melbourne, wapo waliosema amechapisha shajara yake tu. Baadaye alikubali kwamba alichota humo. Lakini hoja hiyo haikuwa na uzito wowote, kwa kuwa swali lilikuwa kama kurasa zile zinaishi, na zinaishi mpaka leo. Wapi mwandishi alipata udongo si kosa la chungu.

Tuzo zinanisaidia kuchagua?

Zinasaidia, ukijua zinapima nini. Miles Franklin ilianzishwa kwa wosia wa mwandishi huyo na ikatolewa mara ya kwanza mwaka 1957, kwa Voss ya Patrick White, ambaye mwaka 1973 alipata Nobel. Wosia unataka riwaya inayoonyesha maisha ya Australia, na sharti hilo limewahi kumfungia nje Frank Moorhouse mwaka 1994, kwa sababu riwaya yake ilihusu Shirikisho la Mataifa, lililotangulia Umoja wa Mataifa, kule Geneva. Orodha fupi za mwaka 2009 na 2011 hazikuwa na mwanamke hata mmoja. Hapo ndipo ilipozaliwa tuzo ya Stella, ya kwanza ikiwa mwaka 2013, iliyopewa jina la kwanza la Franklin mwenyewe. Mwaka 2024 Alexis Wright alizoa zote mbili kwa Praiseworthy.

Ningependa ujue pia kwamba mwaka 2012 wasomaji wa kawaida walianza kampeni ya kusoma na kuhakiki vitabu vya wanawake wa Australia, kwa sababu kurasa za magazeti zilikuwa zikiwapendelea wanaume. Hawakungoja maprofesa. Tunaweza kufanya vivyo hivyo kwa vitabu tunavyoona vinapuuzwa huku kwetu.

Maisha ya mwandishi yaingie kwenye tahakiki?

Kwa tahadhari. Mwaka 1995 Miles Franklin ilikwenda kwa The Hand That Signed the Paper ya Helen Demidenko, aliyejitambulisha kuwa mwenye asili ya Ukraine, na riwaya ikasomwa kwa imani hiyo. Baadaye ikajulikana jina lake ni Helen Darville na wazazi wake ni wahamiaji kutoka Uingereza. Wasifu ulikuwa umefanya kazi ambayo kurasa zilipaswa kuifanya. Tangu nilipokisoma kisa hicho, naandika rasimu ya kwanza bila kugusa maisha ya mwandishi, ndipo naongeza kile tu ambacho kitabu hakieleweki bila hicho.

Mimi si Mwaustralia. Nina haki ya kumhakiki mwandishi wa watu wa asili wa huko?

Unayo haki, na una wajibu pia. Taja taifa lake kwa jina (Noongar, Wiradjuri, Waanyi) kama vile usivyopenda kuitwa "Mwafrika" mahali ambapo wewe ni Mmakonde au Mluhya. Usilinganishe haraka ukoloni wao na wetu. Sisi wakoloni waliondoka na bendera zao, kule walibaki, na hilo linabadilisha kila kitu. Na usidai kueleza mambo ya kiroho ambayo mwandishi mwenyewe ameamua kuyaacha gizani.

Wapo waandishi wa huko wenye asili ya Afrika?

Wapo. Majok Tulba, mzaliwa wa Sudan Kusini, alitoa Beneath the Darkening Sky mwaka 2012, riwaya ya mtoto aliyetekwa kuwa askari. Maxine Beneba Clarke, mwenye asili ya Afrika kupitia Karibiani, alitoa mkusanyiko wa hadithi fupi Foreign Soil mwaka 2014, na hadithi iliyobeba jina la kitabu inamfuata mwanamke wa Australia hadi Uganda kwa mpenzi wake daktari. Isome ukiwa unaijua Kampala na uandike ulichoona. Hapo wewe ndiye mwenye macho ambayo mhakiki wa Sydney hana.

Niandike tahakiki kwa Kiswahili au Kiingereza?

Kwa Kiswahili, kama ndiyo lugha utakayoandikia riwaya yako. Manukuu yawe mafupi na uyatafsiri mwenyewe.

Kuhakiki sana hakutaua sauti yangu?

Kuna wiki utajikuta unaandika kama Winton. Itapita. Kinachoua sauti ni kusoma mwandishi mmoja tu. Mimi kila nikimaliza tahakiki, najipa ukurasa mmoja wa hadithi yangu nikitumia mbinu moja niliyoiona, kwa mambo ya hapa. Kwa mfano, chukua mpango wa Lawson: mtu mmoja, hatari moja, usiku mmoja, na kumbukumbu zikiingia kwa mistari michache kila mara. Muweke mlinzi wa ghala bandarini Tanga, au mama anayengoja simu ya mwanawe aliyekwenda Muscat. Kisha tafuta leso yako.

Nimepata hadithi fupi kwa zoezi hilo. Niipeleke wapi?

Tuzo ya Hadithi Fupi ya Jumuiya ya Madola inapokea kazi zilizoandikwa kwa Kiswahili, haitozi ada, na inataka hadithi ambayo haijachapishwa, ya maneno kati ya 2,000 na 5,000. Iko wazi kwa raia wa nchi wanachama wenye umri wa miaka 18 na zaidi, kwa hiyo Watanzania, Wakenya, Waganda na Wanyarwanda wanaweza kushiriki. Washindi huchaguliwa kwa kanda. Wewe utakuwa Afrika, Waaustralia wako Pasifiki, na mshindi wa jumla hutoka kati ya washindi wa kanda. Kabla hujatuma, mpe msomaji mmoja mkali, umwombe akuandikie tahakiki ya ukurasa mmoja, yenye mifano kutoka kwenye kurasa zako.